Nguo Zilizorudi Kutoka Kamara

Mwezi uliopita walikuja kwangu vijana wawili wa manispaa, mmoja kabeba daftari, mwingine kashika simu ya kupigia picha. Walitaka niwaeleze historia ya jengo la zamani la Kamara, kwa kuwa sasa wana jengo jipya la vioo na lile kuukuu wanataka kulibandika kibao. Nikawatandikia mkeka. Yule wa daftari akaanza: lilijengwa mwaka gani, nani alilijenga, mawe yalitoka wapi. Nikamwambia, mwanangu, mwaka mimi siujui, na aliyelijenga alikufa kabla mama yangu hajavunja ungo. Akamtazama mwenzake. Mwisho wakauliza kama ni kweli ngazi za mbele zilikuwa saba. Nikawaambia ni tisa, nimezipaka chokaa kwa mkono wangu huu. Wakaandika tisa, wakashukuru, wakaenda zao.

Nilibaki nimevimba kwa hasira mpaka chai yangu ikapoa. Historia ya nyumba ni ngazi, jamani? Basi nitaisema mwenyewe, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Lile jengo halikuzaliwa Kamara. Lilikuwa duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa, la mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na mbele lina baraza pana lenye nguzo. Ubavuni palikuwa na ghala refu lisilo na dirisha hata moja, alimohifadhi ufuta na nta iliyoletwa na watu wa bara. Barazani walikaa mafundi cherehani. Mtu akishanunua kitambaa ndani, anatoka nacho hatua tatu, anapimwa hapo hapo. Baba yangu alijifunzia kushona kwenye baraza lile, tangu ndevu hazijamtoka. Mhindi alipokufa, wanawe wakahamia Mocímboa, na serikali ya Kireno ikalichukua jengo. Wakasimamisha mlingoti wa bandera, wakaandika neno Câmara, yaani ofisi ya mji, kwa saruji juu ya mlango, na mafundi wote wakafukuzwa asubuhi moja na cherehani zao vichwani.

Baba hakwenda mbali. Alijenga kibanda cha makuti ng'ambo ya barabara, akaweka cherehani yake ikitazamana na mlango wa Kamara. Alikuwa akiwaambia wateja kwa kicheko kwamba serikali imemnyang'anya kivuli, lakini macho haijamnyang'anya.

Sisi watoto tuliliogopa jengo lile hata kabla ya vita. Humo ndimo mtu alimoomba giya, ile karatasi ya ruhusa ya safari, na bila karatasi hiyo huwezi hata kwenda kuzika ndugu yako Quiterajo. Humo ndimo watu wazima walimopigwa viganja kwa palmatoria, kibao chenye matundu, wakatoka mikono imevimba hawawezi kushika tonge. Na lile ghala la nta likawa mahabusu. Hawakulibadilisha kitu ila kitasa. Waliowahi kulala mle walisema kuta bado zinanukia nta, na joto likizidi harufu yenyewe inakukaba koo.

Vita vya kumwondoa Mreno vilipoanza kule bara kwenye uwanda wa juu, sisi wa pwani hatukuvisikia kwa milio. Tulivisikia kwa kunong'ona. Fulani haonekani, amevuka Ruvuma. Fulani amechukuliwa. Mke wa fulani anapika chungu kikubwa kuliko watu wa nyumba yake, mnadhani anampikia nani? Watu waliosalimiana miaka yote kwa kukaa kitako na kuulizana hali ya kuku na mbuzi, sasa wakasalimiana wakiwa wanatembea. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na nilichukia sana watu wazima walivyonyamaza kila nilipoingia chumbani.

Kitu kimoja lazima nikiseme kuhusu baba, la sivyo hamtaelewa mbele. Alikuwa mtu wa kanzu. Alijishonea mwenyewe, kola imedariziwa kwa uzi mweupe juu ya mweupe, unaiona ukikaribia tu. Kofia haikumtoka kichwani ila akitawadha au akilala. Kaputula za kaki alizishona, tena nyingi, za masipai, yaani askari weusi wa serikali, lakini yeye mwenyewe kuvaa hapana. Aliapa kwamba kaputula ni ya watoto na ya sipai, na kwamba siku watu watakapoyaona magoti yake hadharani wajue ameshakwisha. Mama alikuwa akimcheka. "Kwani magoti yako yana dhahabu?" Baba anajibu, "Yana heshima, mke wangu. Wewe peke yako unayajua, na inatosha."

Ni kaki hiyo hiyo iliyomponza. Asubuhi moja masipai wawili waliovaa kaputula alizozishona yeye walivuka barabara, wakapekua kibanda, wakakuta jora la kaki. Wakasema kitambaa ni kingi kuliko walichomletea, kwa hiyo anawashonea watu wa msituni. Alikuwa akiwashonea? Mpaka leo sijui. Mama alisema si kweli. Bibi, mama yake baba, alisema kama ni kweli basi mwanawe ni mwanamume. Mimi ukweli haukunihusu, nilitaka arudi tu. Walimvusha barabara, hatua ishirini, wakampandisha kwenye baraza lile lile alilojifunzia kazi, wakamtia ghalani.

Mama alipeleka chakula kila siku kwenye mlango wa nyuma. Wali na samaki, au ugali na matapa, ule mchicha wetu wa majani ya muhogo. Bakuli linapokelewa, bakuli linarudishwa, neno hapana. Baba mkubwa, kaka yake baba, alijikaza akaenda kumwuliza mkalimani wa Kamara kama ndugu yake yu hai. Mkalimani akamwambia kwa upole kabisa kwamba anayetaka kujua hali ya mtu wa ghalani anaweza kufunguliwa akaingia kuangalia mwenyewe. Baba mkubwa akarudi nyumbani, akajilaza kitandani mchana kutwa na viatu vyake. Hakuna aliyeuliza tena.

Kisha nguo zikaja.

Alizileta sipai mgeni, kijana wa bara, hata Kiswahili chetu kilimpa tabu. Alisimama uani, ameshika kanzu, shuka na kofia ya baba, vimekunjwa vizuri, vimefungwa kwa utepe wa kitambaa. Akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Akasema, "Nguo za mwenyewe hizi," akageuka, akaondoka.

Sasa sikilizeni. Kwetu sisi, nguo za mtu haziji nyumbani bila mwenyewe ila kwa njia moja. Mtu akifa, waosha maiti humvua, wakazikunja nguo alizofia, na mmoja wao humpa mjane mikononi mwake, mikono miwili kwa mikono miwili. Hawasemi kitu, maana hakuna cha kusema, nguo zenyewe ndizo habari. Yule sipai alijuaje mambo yetu? Kwao huenda nguo ni nguo tu. Lakini alifanya vile vile wafanyavyo waosha, hata angefundishwa asingefanya sawasawa zaidi. Bibi alipiga yowe moja tu, na kabla halijaisha majirani walikuwa wameshajaa uani.

Mwalimu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, aliitwa. Alikuwa mzee makini, akauliza, "Huyo sipai alisema amekufa?" Mama akajibu hakusema. "Na mwili?" Baba mkubwa akasema, "Mwalimu, hawa watu wanatoa mwili?" Kweli hawakuwa wakitoa. Walikuwapo wanne wa mjini kwetu waliokwisha namna hiyo, na miili hatukuiona. Mwalimu akasema Mungu ndiye ajuaye, sisi tunahukumu kwa tunachokiona. Ijumaa baba akasaliwa sala ya maiti asiyekuwepo, kwa sauti ya chini ili Kamara wasisikie. Tukasoma hitima. Mama akaingia eda.

Najua wasichana wa leo wanakaa eda na simu mkononi. Wakati ule haikuwa mchezo. Miezi minne na siku kumi, chumba cha nyuma, nguo chakavu, hakuna manukato, hakuna wanja, nywele hazisukwi, na sauti yako isisikiwe na mwanamume. Bibi alitandika mkeka wake mlangoni akawa ndiye mlinzi. Zile nguo za baba mama alizilaza chini ya mto wake. Nilikuwa nikimpelekea uji, namkuta amekaa tu, mkono mmoja uko chini ya mto.

Ulipita mwezi, ukapita wa pili. Ikatangazwa kwamba mkubwa wa serikali anakuja kutoka Porto Amélia, na Kamara lazima ipakwe chokaa. Ndivyo ilivyokuwa kila mgeni mkubwa akija: kila nyumba itoe mtu mmoja, aje na ndoo na brashi yake. Brashi tulizitengeneza wenyewe, unaliponda kumbi la nazi kwa jiwe mpaka linalainika. Udhuru haukubaliwi. Baba hayupo, mama yumo edani, bibi magoti hayamkubalii. Nikaenda mimi.

Nilipangiwa ngazi. Jua lilikuwa limepanda, chokaa inaniunguza vidole, nimefika ngazi ya tano au ya sita, nikasikia kitasa cha ghala. Lori la jeshi lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka ubavuni mwa jengo. Wakatoka wanaume, wamefungwa mikono wawili wawili. Wamenyolewa vichwa na ndevu, wote wamevaa kaputula za kaki na mashati ya serikali. Walikuwa wamekonda hata huwezi kumtofautisha huyu na yule. Sikuwa namtafuta mtu, mimi nilijua baba amekufa, nilishamlilia.

Mmoja akageuza kichwa, akatazama ng'ambo ya barabara, pale kilipokuwa kibanda cha cherehani. Nikayaona masikio yake. Miaka yote yalikuwa yakifunikwa nusu na kofia, lakini masikio ya baba yangu niliyajua, ni haya haya niliyonayo mimi, yametokeza kama vishikio vya sufuria.  Na yeye akaniona. Hakulia, hakutabasamu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba amenituma uzi dukani, "Mwite mama yako. Upesi."

Nilitupa brashi. Nilikimbia nikapita soko, nikapita msikiti, mtu akanipigia kelele nimemkanyagia ufuta alioanika, sikugeuka. Furaha ilinijaa mpaka nikawa nacheka na kulia pamoja. Nilikuwa naleta habari ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuileta.

Bibi alinidaka mlangoni. Nikasema, "Baba yupo! Yupo Kamara, anamwita mama, wanampakia lorini!"

"Audhubillahi!" bibi akanifunika mdomo kwa kiganja. "Nyamaza! Nyumba ya eda hii! Umeona shetani, mtoto wewe, mchana kweupe!"

Niling'ata kile kiganja. Mungu anisamehe, nilimng'ata bibi yangu. Mama akasikia, akaja mpaka nyuma ya pazia, akalisogeza kidogo, akaniita. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, ilikuwa baridi.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona, mama. Kaniambia nikuite. Twende, twende sasa hivi!"

Niliona uso wake ukifunguka. Wallahi niliuona. Alikuwa ameshavuta leso kujitanda. Kisha akauliza, kama mke wa fundi atakavyouliza, "Amevaa nini?"

Nikamwambia. "Kaputula ya kaki."

"Na ndevu zake?"

"Hana. Wamemnyoa."

Mikono yake ikaniachia. "Siye," akasema.

"Ni yeye, mama! Masikio yake!"

"Siye, mwanangu. Mume wangu mimi havai kaputula. Angekufa kwanza. Na amekufa, nguo zake ninazo hapa." Alisema kwa huruma, akinihurumia mimi. Bibi naye nyuma yangu anasema, ukitoka nje leo eda imevunjika, na mwanangu ataadhibiwa kaburini kwa ajili yako. Kaburini! Kaburi lipi, Bibi, uliliona wapi? Lakini hayo ninayasema leo. Siku ile nilivuta leso ya mama kwa nguvu zangu zote, nikajibwaga chini, nikapiga miguu, nikaapa kwa msahafu. Nani anamsikiliza mtoto anayegaagaa sakafuni? Kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kuamini nimepagawa. Bibi akaanza kunisomea.

Nilijinasua, nikarudi mbio peke yangu. Lori lilikuwa limeshaingia barabarani, linashika njia ya Awasse. Wale wanaume wamesimama nyuma, na baba yuko ukingoni kabisa. Alikuwa akitazama huku nyuma yangu, akitafuta. Aliangalia njia yote mpaka sokoni. Aliona niko peke yangu. Akainamisha kichwa, na lori likakata kona ya kiwanja cha mpira.

Brashi yangu niliikuta imekauka. Sipai akaniambia nimalize ngazi, nikamaliza.

Alasiri mke wa mkalimani alikuja nyumbani, kajifunika mpaka macho. Alitaka kusema na bibi faragha, lakini nyumba yetu haikuwa na faragha. Alisema leo wamepelekwa watu mbali, na mwanao alikuwamo, nimemwona. Akasema wanaosafirishwa hupewa nguo za serikali, na zao hurudishwa majumbani. Ndio utaratibu wa ofisi. Akageukia pazia alipokuwa mama: zile za mumeo zilitangulia, kwa sababu safari iliahirishwa, lori lilikuwa bovu. Alidhani tunajua.

Utaratibu wa ofisi! Lori bovu! Hasira ile niliyoipata sijaimaliza, nitazikwa nayo.

Mama hakupiga yowe. Alilisogeza pazia, akamruka bibi mlangoni, akatoka. Alipita mjini mchana wa jua, nywele zimesimama bila kusukwa kwa miezi miwili, miguu mitupu, kanzu ya baba kaikumbata kifuani. Wanaume waligeukia ukutani kwa haya. Mimi namfuata nyuma. Akasimama chini ya ngazi, kwenye chokaa mbichi, akamwita mkalimani. Alipotoka, mama akauliza swali moja tu, "Mmempeleka wapi?"

Mkalimani akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasema, "Nenda nyumbani, dada yangu. Hapa hakuna mtu huyo, na kwenye vitabu hajawahi kuwepo." Nadhani alimhurumia. Huruma yake haikutusaidia chochote. Mama alisimama pale pale mpaka bandera ikateremshwa na mlango ukafungwa, na hakuna hata aliyemfukuza. Ingekuwa afadhali wangemfukuza.

Uhuru ulikuja, bandera ikabadilishwa. Lile jengo likawa ofisi ya chama, kisha stoo ya madawati, kisha Kamara tena, na ghala likatobolewa dirisha wakaweka mashine ya kupiga chapa. Wafungwa walirudi, mmoja mmoja, kutoka visiwani na kusini. Kila aliposikika amerudi mtu, hata kama ni Mocímboa, mama alikwenda kumtazama, kanzu ndani ya mfuko. Alimwuliza kila mmoja. Mmoja alimkumbuka fundi mwenye masikio, lakini hakujua waliachana wapi. Mwalimu alimwomba akae eda upya ili apumzike. Mama akamjibu, "Nilishakaa moja ya uongo, Mwalimu. Ya kweli inaanza siku gani?"  Waliomposa aliwakataa, alisema yeye ana mume.

Alizeeka mikononi mwangu. Habari ya siku ile hatukuizungumza hata mara moja, miaka yote hiyo, mpaka mwaka wake wa mwisho. Nilikuwa nimemketisha uani namchana nywele, zimebaki chache, laini. Akasema, hakugeuka, "Mimi ndiye niliyekukataza uongo tangu mdogo."

"Ndiyo, mama."

"Nikakupiga kwa ajili hiyo."

"Ulinipiga, ndiyo."

 Kisha akasema taratibu, wala si kwa kunilaumu, "Siku ile ungesema tu amevaa kanzu. Ningetoka."

Nikaendelea kumchana, maana hakukuwa na kingine cha kufanya.